Kucha Zetu na Habari Zitoazo

Watoto, wekeni kalamu chini, mnyoshe mikono yenu, mkazitazame kucha zenu kwa makini. Kila mmoja wetu amepewa kucha kumi za mikono na kumi za miguu. Kwa kuwa tunazo tangu siku ya kuzaliwa, twazikata na kuzitupa bila kuziwaza. Ni wachache waliowahi kuuliza: Ukucha ni kitu gani? Waota kutoka wapi? Mbona wa mwenzangu ni mgumu, tena wang'aa, na wangu wavunjika kama ganda la yai? Yafaa tuulize, maana ukucha ni mdogo, lakini una habari kubwa za kutuambia.

Nitaanza kwa habari ya msichana mmoja wa Pugu. Katika shule nyingi za kwetu, asubuhi ya Jumatatu wanafunzi husimama mistarini wakiwa wamenyosha mikono mbele, na mwalimu hupita akikagua kucha. Asubuhi moja mwalimu alifika mbele ya msichana wa darasa la sita aliyeficha mikono nyuma ya mgongo. Alipoambiwa aitoe, mwalimu aliona kwamba kucha zake ni safi. Walakini zilikuwa nyembamba, nyeupe kama karatasi, na ncha zake zimekatika-katika. Tena katikati zilibonyea kama kijiko, hata tone la maji lingeweza kukaa juu yake lisimwagike. Wenzake wakacheka.

Msichana akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, nilitaka kuzifuga ziwe ndefu kama za dada yangu. Kila usiku nazipaka mafuta ya nazi, lakini zavunjika."

Mwalimu hakucheka. Alikibonyeza kidole chake kimoja, akakiachilia, kisha akatazama upande wa ndani wa kope zake. Akamwuliza kwa upole, "Mwanangu, ukipanda kilima huchoka upesi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Moyo hunienda mbio."

"Tena wala udongo?"

Msichana akainama, asijibu neno.

Habari yake tutaimaliza mbele kidogo. Kwanza yatupasa kuufahamu ukucha wenyewe, maana pasipo kuufahamu hatutajua mwalimu yule aliona nini.

Ukucha ni kitu gani

Ninyi mnaokaa karibu na mnada wa ng'ombe wa Pugu mmeona pembe na kwato za ng'ombe waletwao kutoka bara. Ukucha wako umefanyizwa kwa kitu kile kile kilichofanyiza pembe na kwato hizo, na nywele za kichwa chako pia. Wataalamu hukiita keratini, nayo ni namna ya protini iliyo ngumu.

Sehemu ya ukucha tunayoiona ni kitu kilichokufa. Haina damu wala mishipa ya fahamu, na ndiyo sababu twaikata bila kuona maumivu. Sehemu iliyo hai imejificha chini ya ngozi, mahali ukucha unapoanzia. Tuiite shina la ukucha. Huko shinani chembe mpya hufanyizwa kila siku, nazo huzisukuma za zamani mbele. Zikisukumwa hukauka, hushikamana, na kuwa ukucha. Ukitazama dole gumba lako huenda ukaona alama nyeupe mfano wa mwezi mwandamo, karibu na ngozi. Hapo waona ncha ya shina lenyewe.

Na ule wekundu wa ukucha, je? Huo si rangi ya ukucha. Ukucha ni kama kioo cha dirisha. Wekundu ni wa damu ipitayo katika nyama iliyo chini yake. Bonyeza ukucha wako: utageuka mweupe, kwa kuwa damu imesukumwa kando. Uachilie: kabla hujamaliza kuhesabu moja, mbili, tatu, wekundu umerudi. Lakini mtu mwenye damu haba, hata usipobonyeza, kucha zake huonekana nyeupe.

Jinsi ukucha unavyokua

Ukucha wa mkono hukua kadiri ya milimita 3 kwa mwezi. Basi ukung'oka wote, wahitaji muda wa miezi sita hivi hata uote mwingine kamili. Ukucha wa mguu ni mvivu zaidi. Dole gumba la mguu huhitaji mwaka mzima, au hata mwaka na nusu.

Wanawake wa Pwani wanao ushahidi wa jambo hili, ingawa wengi hawakulifikiri. Mwanamke akipaka hina siku ya Idi au ya arusi, rangi ya ngozini hufutika baada ya majuma machache, lakini ile ya kwenye ukucha hubaki. Mwezi ukipita utaona nafasi safi kati ya ngozi na hina. Miezi miwili ikipita nafasi hiyo imeongezeka. Hina haikusogea, ni ukucha uliokua, ukaichukua hina mbele pamoja nao.

Daktari mmoja wa Marekani, jina lake William Bean, alifanya jambo kama hilo kwa subira ya ajabu. Mwaka 1941 alianza kukwaruza alama ndogo juu ya ukucha wa dole gumba lake la kushoto, karibu na ngozi, kisha akahesabu siku mpaka alama ikafika nchani. Akaendelea hivyo kwa muda wa miaka 35. Alipokuwa na umri wa miaka 32, ukucha wake ulikua milimita 0.123 kwa siku. Alipofika miaka 67, ulikua milimita 0.095 tu. Hivyo akawaonyesha watu kwamba kucha nazo huzeeka pamoja na mwenyewe, na kwamba kitu kidogo kikitazamwa kwa bidii huleta elimu. Haba na haba hujaza kibaba.

Habari zilizoandikwa juu ya ukucha

Sasa fikirini. Kama ukucha huchukua miezi kutoka shinani hata nchani, basi ncha unayoikata leo ilifanyizwa miezi mingi iliyopita. Ilijengwa kwa chakula ulichokula wakati ule na kwa damu uliyokuwa nayo wakati ule. Kwa hiyo ukucha ni kama barua iliyoandikwa zamani na mwili, nayo yatufikia leo.

Mtu akipatwa na homa kali sana, shina la ukucha huweza kuacha kazi kwa siku kadhaa. Baadaye, mtu akiisha kupona, mfuo huonekana ukikata ukucha kwa upana, nao husogea mbele kadiri ukucha ukuavyo. Ukiukuta mfuo huo milimita 6 kutoka mahali pa kuanzia, waweza kukisia kwamba homa ilikuwa miezi miwili hivi iliyopita.

Madoa madogo meupe yaonekanayo juu ya kucha za watoto huwatia watu wengi hofu, wakadhani ni ukosefu wa chakula fulani. Mara nyingi sivyo. Hutokana na kugongwa kidogo shinani, labda wakati wa kucheza, nayo huondoka ukucha unapokua. Mistari ya rangi ya kahawia iendayo kwa urefu ni kawaida kwa watu wengi weusi, lakini mstari mmoja mpya, unaozidi kupanuka au kuingia katika ngozi, haufai kungojwa, aonyeshwe daktari. Ukucha uliogeuka wa manjano, mnene na wenye kumeguka-meguka, huenda umeingiwa na ukungu, nao una dawa yake hospitali. Na ukucha mweupe uliobonyea kama kijiko mara nyingi hutuambia kwamba mwili umekosa madini ya chuma, ambayo ndiyo yatumikayo kufanyiza damu.

Hii ndiyo barua aliyoisoma mwalimu wa Pugu asubuhi ile.

Mwisho wa habari ya msichana

Jioni mwalimu alikwenda nyumbani kwa msichana, akamkuta bibi yake akichambua mboga barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Je, mjukuu wangu amekosa nini huko shuleni? Maana hapa nyumbani amekuwa mvivu kupita kiasi. Akitumwa maji, hukaa njiani. Nimemchapa, wala haikusaidia."

"Hakukosa, bibi, wala si mvivu. Nadhani hana damu ya kutosha. Tafadhali kesho mpelekeni zahanati."

Bibi akanyamaza kitambo, akausukuma ungo kando. Kesho yake alimchukua mjukuu wake mwenyewe. Walimpima damu na choo, wakaona kwamba ana safura.

Safura ni ugonjwa uletwao na minyoo midogo sana. Mayai yake hutoka pamoja na choo cha mgonjwa. Choo hicho kikitupwa vichakani, mayai huanguliwa katika mchanga wenye unyevu na kivuli, kisha vijinyoo hungoja. Mtoto akipita miguu mitupu, huingia katika ngozi ya wayo, husafiri kwa njia ya damu hata mapafuni, na mwisho hufika matumboni. Huko huuma ukuta wa utumbo, wakanywa damu usiku na mchana. Mnyoo mmoja hunywa kidogo, lakini wakiwa wengi humwacha mtu bila nguvu. Kisiwani Pemba, katika miaka ya 1990, wataalamu walipima damu na choo vya watoto wa shule, wakathibitisha kwamba safura ilikuwa sababu kubwa ya ukosefu wa damu kati yao.

Na habari ya udongo je? Katika vilima vya Pugu mna udongo mweupe uitwao kaolini, ufaao kwa kufanyiza vyombo vya kauri na kazi nyinginezo. Msichana alikuwa akiuokota na kuula kwa siri. Watu wasio na damu ya kutosha mara nyingi hushikwa na hamu ya kula udongo, wala wao wenyewe hawajui sababu. Walakini udongo hauongezi damu. Aina nyingi za udongo huyashika madini ya chuma yaliyomo katika chakula yasiingie mwilini, tena udongo huweza kuwa na mayai ya minyoo ya namna nyingine. Hivyo yule mtoto alikuwa akijipunguzia damu kwa kitu kile alichokitamani kwa sababu ya kukosa damu.

Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma. Bibi akaambiwa ampe dagaa, maharage, kunde na mboga za majani, na maini yakipatikana. Tena ale chungwa, pera au embe pamoja na chakula, kwa kuwa matunda hayo husaidia madini ya chuma ya mboga kuingia mwilini. Chai aliambiwa asinywe wakati wa kula, maana huyazuia. Akanunuliwa viatu, na choo cha nyumbani kikatengenezwa.

Baada ya majuma machache alipanda kilima bila kusimama. Kucha zilichelewa, na sasa ninyi mwajua kwa nini. Kwanza ilionekana sehemu ndogo laini karibu na ngozi. Kila mwezi ikaongezeka, na ile iliyobonyea ikasogea mbele na kukatwa. Hata muda wa miezi sita ulipotimia, kucha zake zote zilikuwa nyekundu na imara. Yale mafuta ya nazi hayakuwa na kosa; huzuia ukucha usikauke na kupasuka. Lakini ukucha haujengwi kwa kupakwa. Hujengwa kutoka shinani, kwa chakula na damu njema. Bibi naye alijutia fimbo zake, akasema kwamba heri angalimtazama mtoto mikono kabla ya kumchapa. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaweza kuongeza kwamba kucha nazo humuumbua mapema, kwa faida yake, iwapo yupo mtu wa kuzitazama.

Uchafu ulio chini ya ukucha

Ukucha wenye afya wahitaji pia kuwa safi. Chini yake mna nafasi ndogo ambapo uchafu hukaa, na ndani ya uchafu huo vijidudu hukaa wasionekane kwa macho. Wako minyoo wadogo weupe wanaotoka usiku kutaga mayai karibu na njia ya choo. Mtoto huwashwa, hujikuna akiwa usingizini, na mayai huingia chini ya kucha. Asubuhi akila bila kunawa, au akitafuna kucha zake, huyarudisha tumboni. Hivyo mtu huweza kuugua mwaka mzima kwa mkono wake mwenyewe.

Zamani hata madaktari hawakujua hatari ya mikono. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, wanawake wengi walikufa kwa homa baada ya kujifungua. Daktari Ignaz Semmelweis, mtu wa Hungaria, aliona kwamba madaktari walitoka kupasua maiti, wakaenda moja kwa moja kuwahudumia wanawake hao. Akaamuru kila mtu anawe kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini. Mwezi wa Aprili walikufa wanawake 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni, baada ya amri ile, walikufa kadiri ya 2 katika kila 100. Walakini wengi wa madaktari wenzake walikataa kusadiki kwamba mikono yao wenyewe ilileta mauti.

Wala sisi tusiwacheke. Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam, katika Wilaya ya Kinondoni, kikaenea katika mikoa mingi. Katika miezi iliyofuata watu zaidi ya 20,000 waliugua, na mamia wakafa. Ugonjwa huo huenezwa kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na choo, na mikono isiyonawiwa ni mojawapo ya njia zake.

Yafaa ukucha uwe na urefu gani

Wako watu waliopenda kucha ndefu mno. Zamani huko China wakubwa wengine walizifuga na kuzivika ala za dhahabu au fedha, ili ijulikane kwamba hawafanyi kazi kwa mikono. Na huko Pune, India, mwanafunzi mmoja, Shridhar Chillal, alivunja kwa bahati mbaya ukucha mrefu wa mwalimu wake. Mwalimu akamkaripia kwamba hawezi kufahamu taabu ya kutunza kitu kama hicho. Basi tangu mwaka 1952 akaacha kukata kucha za mkono wake wa kushoto. Zilipokatwa mwaka 2018 urefu wake wote pamoja ulipita mita 9, na ule wa dole gumba peke yake ulikaribia mita 2. Alipata sifa duniani kote. Lakini vidole vya mkono ule havikuweza tena kukunjuka.

Mkono tulipewa ushike jembe, kalamu, sindano na mkono wa mwenzetu. Ukucha ni msaidizi wake: hulinda ncha ya kidole, hutoa mwiba, hufungua fundo. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala vidole viwili haviwezi kazi hiyo kama havina kucha. Shirika la Afya Duniani huwaagiza wauguzi na madaktari wasipitishe nusu ya sentimita. Kwa mwanafunzi ashikaye udongo na chakula, ukucha usiopita ncha ya kidole ndio ufaao.

Basi shikeni mashauri haya. Kata kucha za mikono kila juma, baada ya kuoga, zinapokuwa laini; za miguu zikate kwa mstari ulionyoka, zisiingie katika nyama. Wembe au mkasi usishirikiane na mtu kabla ya kuusafisha vema, kwa kuwa damu huweza kuambukiza magonjwa. Usikate ule utando wa ngozi ulio ukingoni, maana ni mlango uzuiao vijidudu. Usitafune kucha. Nawa kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kula, ukisugua chini ya kila ukucha. Vaa viatu, tumia choo, na ule vema.

Chanda chema huvikwa pete, lakini kwanza sharti kiwe chema. Leo jioni, mtakapofika nyumbani, tazameni kucha za wadogo zenu pia. Mkiona zilizo nyeupe, msicheke, waambieni wazee.

Maswali

1. Kwa nini hatuoni maumivu tukikata ukucha?
2. Hina juu ya ukucha yatufundisha nini?
3. Mwalimu aliona dalili gani katika kucha za msichana?
4. Eleza jinsi safura inavyoingia mwilini, na jinsi ya kuizuia.
5. Kwa nini kucha za msichana zilichelewa kupona kuliko mwili wake?